Nyumba Iliyowekwa Rehani



Wazee wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mazungumzo haya hayahusu harusi, wala matanga yenyewe, bali siku zilizo katikati: tangu siku ile mtu aliyeweka nyumba yake rehani aliposhindwa kulipa, hata siku ile anapotoka mlangoni na virago vyake, kama imempasa kutoka. Siku hizo ni ngapi? Ni nani azihesabuye? Na yule mwenye fedha, ambaye naye hakuziokota njiani, afanye nini wakati azingojapo? Maswali hayo yamewashughulisha mahakimu kwa muda wa miaka zaidi ya mia tatu, na mara moja au mbili yamewatoa watu mashambani kwao na kamba mikononi, kama nitakavyoeleza.

Kwanza tuitazame rehani yenyewe. Mwanamke akipeleka mkufu wake kwa mwenye duka apate fedha za mchele, mkufu hukaa dukani. Mwenye duka ana kitu mkononi, naye hulala usingizi. Akilipwa ataurudisha. Lakini nyumba haiwezi kutiwa kabatini. Mkopaji huendelea kulala humo na wanawe, huezeka paa, hupangisha chumba cha uani, na mkopeshaji hana alichoshika ila karatasi. Kwa hiyo nguvu yote ya mkopeshaji imo katika maneno ya ile karatasi, na habari ya rehani ya nyumba, katika kila nchi, ni habari ya maneno yale: kama yachukuliwe vile vile yalivyoandikwa, au kama iko haki nyingine iliyo juu yake.

Hapa pwani ya Afrika ya Mashariki watu walikuwa na desturi yao, iliyoitwa bei ya khiari. Sheria ya Kiislamu inakataza riba, na mfanya biashara hapendi kutoa fedha zake bure. Basi ikapatikana njia. Mwenye shamba au nyumba humwuzia tajiri mali yake kwa kauli, apokee fedha, kisha waandikiane ya kwamba akizirudisha katika muda fulani mali itakuwa yake tena. Katika muda huo muuzaji hubaki pale pale, lakini sasa ni mpangaji, na kila mwezi au kila msimu hulipa ijara. Ijara hiyo ndiyo iliyoshika mahali pa riba, na kila mtu alijua hivyo. Muda ukipita bila fedha kurudi, mauzo huwa mauzo kweli. Hakuna mnada, hakuna dalali, wala hakuna haja ya kuuliza kama shamba lina thamani mara mbili ya deni. Tuiweke kando bei hiyo kidogo, maana tutarudi Unguja baadaye.

Sheria ya kale ya Waingereza ilifanana nayo sana, ingawa watu wake hawakuwa wamepata kusikia habari za khiari. Mkopaji alimpa mkopeshaji ardhi yake kwa hati, kwa sharti kwamba akilipa siku fulani mahali fulani atarudishiwa. Littleton, mwanasheria wa karne ya 15, alieleza kwa nini rehani hiyo iliitwa kwa jina lenye maana ya dhamana iliyokufa: mkopaji asipolipa, ardhi imekufa kwake, akilipa, dhamana imekufa kwa mkopeshaji. Na siku ilikuwa siku kweli. Mtu akichelewa kwa sababu ya mafuriko, au akaibiwa njiani, au mkopeshaji akajificha makusudi ili asipatikane, ardhi ilikwenda. Zaidi ya hayo deni lenyewe liliweza kubaki juu yake.

Waliodhulumiwa hivyo walimwendea Mkuu wa Sheria wa mfalme, aliyekuwa na baraza lake mwenyewe na kazi ya kutazama insafu mahali ambapo sheria kavu ilimwumiza mtu. Hapo kwanza alimsaidia yule tu aliyeonyesha udhuru, kama mafuriko au udanganyifu. Lakini katika karne ya 17 msaada huo ukawa kawaida. Baraza lilianza kusema: hii ni dhamana ya deni, si mauzo, mwenye kukopesha anastahili fedha zake na faida yake na gharama zake, basi, akiisha kupewa hizo, hana sababu ya kushika ardhi, hata kama siku imepita. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa haki ya kukomboa. Nayo haikuweza kuuzwa kwa ujanja ndani ya hati ile ile. Mkopeshaji aliyeandika kwamba mkopaji ameiacha haki yake alikuwa amepoteza wino, kwa sababu mabaraza yalijua kwamba mtu mwenye njaa ya fedha hutia sahihi cho chote atakachowekewa mbele yake. Kanuni ikawa kwamba kilichoanza kuwa rehani hubaki rehani.

Hapo wakopeshaji nao wakalalamika, na kwa haki. Ikiwa mkopaji aweza kuja baada ya miaka mitano, au kumi, na mfuko wa fedha, mkopeshaji atajuaje kama nyumba ni yake? Atathubutuje kuitengeneza au kuiuza? Kwa hiyo baraza lililoufungua mlango wa kukomboa likaweka pia njia ya kuufunga. Mkopeshaji hupeleka mashtaka. Hesabu hufanywa mbele ya baraza. Mkopaji hupewa muda, kwa kawaida miezi sita, alete fedha zote. Asipoleta, haki ya kukomboa hufungwa daima. Watu wengi hudhani kwamba kufunga rehani maana yake ni kumnyang'anya mtu nyumba. Kwa asili yake maana yake ni kufunga ule mlango ambao baraza lenyewe lilikuwa limeufungua.

Lakini kulikuwa na kasoro kubwa. Nyumba ya pauni 1,000 iliyowekwa kwa deni la pauni 300, mlango ukifungwa, huwa ya mkopeshaji yote pia. Zile 700 zimekwenda wapi? Hazikupata kukopwa na mtu. Kasoro hiyo ndiyo iliyoleta mnada. Kwa sheria ya mwaka 1852 mahakama za Uingereza ziliruhusiwa kuamuru nyumba iuzwe badala ya kufunga tu, na kwa sheria zilizofuata mkopeshaji mwenyewe akapewa uwezo wa kuuza. Fedha za mnada hugawanywa kwa utaratibu: gharama kwanza, kisha deni na faida, na kinachobaki hupewa mwenye nyumba. Hilo laonekana jema kwa pande zote mbili, na katika miaka ya neema ni jema. Katika miaka ya dhiki mnada huwa kitu kingine kabisa, kwani bei yapatikana kwa kuwako wanunuzi, na wakati wa dhiki wanunuzi hawako.

Sasa nawaomba tusafiri mpaka Marekani, mji wa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, tuingie katika nyumba moja.

Nyumba hiyo ilikuwa ya ghorofa mbili, yenye vyumba 14 na banda la motakaa mbili, katikati ya mji. Wenyewe walikuwa mume na mke, Blaisdell kwa jina. Walikaa katika vyumba vitatu na kupangisha vilivyobaki. Katika Agosti 1928 waliiweka rehani kwa chama kimoja cha kukopeshana fedha za kujengea. Nawaomba mkikumbuke chama hicho, maana vyama vya namna hiyo havikuwa mabwanyenye wa hadithini. Akiba zake zilikuwa za watu wadogo waliotia kidogo kidogo kila mwezi, na mkopaji mmoja asipolipa, ni akiba ya jirani yake iliyokwama.

Mwaka 1929 masoko ya Marekani yakaanguka. Kazi zikakoma, mazao ya mashambani yakawa hayana bei, wapangaji wakahama vyumba kwa kukosa kodi. Akina Blaisdell wakashindwa. Tarehe 2 Mei 1932 nyumba ikauzwa kwa mnada, na mnunuzi akawa mkopeshaji mwenyewe, kwa dola 3,700.98, kiasi kile kile cha deni. Lakini jimbo la Minnesota lilikuwa na kawaida nzuri, ambayo majimbo mengine kadha yanayo: baada ya mnada, mwenye nyumba hupewa mwaka mzima wa kukomboa, na katika mwaka huo hukaa ndani. Kwa hiyo mlango ulikuwa haujafungwa. Ungefungwa tarehe 2 Mei 1933.

Sasa tufanye hesabu, kwani ndani yake mna shina la shauri lote. Mahakama baadaye iliona kwamba thamani ya nyumba, hata katika dhiki ile, ilikuwa dola 6,000. Bei ya mnada, pamoja na kodi ya serikali na bima alizolipa mkopeshaji baadaye, bila kuhesabu faida, ilikuwa dola 4,056.39. Basi Mei 2 ikipita, zaidi ya dola 1,900 zilizo jasho la wenye nyumba zingemwangukia mkopeshaji. Wangeweza kuziokoa kwa njia moja tu, nayo ni kukopa mahali pengine ili wakomboe. Na hapakuwa na mtu wa kuwakopesha, kwa sababu mabenki yenyewe yalikuwa yamefunga milango.

Wala hawakuwa peke yao. Katika mwaka 1933 nyumba zilizofungiwa rehani Marekani zilihesabiwa kuwa yapata 1,000 kila siku. Mashambani wakulima waliacha kungoja mahakama. Walikusanyika kwenye mnada wa jirani yao, wakawatazama wageni kwa macho makali mpaka wakanyamaza, kisha wao wenyewe wakazabuni farasi kwa senti chache na plau kwa senti chache, na jioni wakamrudishia mwenyewe vitu vyake. Katika mji wa Le Mars, jimbo la Iowa, Aprili 1933, walimtoa jaji mmoja, Charles Bradley, katika mahakama yake, wakamtia kamba shingoni, wakimtaka aape kwamba hatatia sahihi tena amri ya kufunga rehani. Alikataa kuapa. Wakamwacha hai. Mimi siwezi kuwasifu watu wale, lakini ushujaa wa jaji yule wanishangaza kila niusomapo.

Mwezi huo huo wa Aprili baraza la Minnesota lilipitisha sheria ya kuahirisha. Haikufuta deni hata senti moja. Ilisema kwamba mwenye nyumba aweza kwenda mahakamani kuomba muda wa kukomboa uongezwe, lakini usipite tarehe 1 Mei 1935. Na katika muda huo ni lazima alipe kila mwezi kiasi atakachoona jaji kuwa ni haki, kwa kadiri ya kodi ambayo nyumba ingeweza kupangishwa. Akina Blaisdell wakaenda. Jaji akakadiria dola 40 kwa mwezi, ziende katika kodi ya serikali, bima, faida na deni. Kwa mwaka ni dola 480. Mkopeshaji basi hakukaa mikono mitupu. Alichokosa ni nyumba yenyewe, na uhuru wa kuiuza siku aipendayo.

Kilimkera vile vile. Katiba ya Marekani inayakataza majimbo kutunga sheria ya kudhoofisha wajibu wa mapatano, na hapa jimbo lilikuwa limeongeza miaka miwili katika mapatano yaliyokwisha andikwa. Shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, nayo ikaamua tarehe 8 Januari 1934, majaji watano dhidi ya wanne. Jaji Mkuu Charles Evans Hughes aliandika kwamba dhiki haiwezi kuizalia serikali uwezo ambao haina, lakini yaweza kuwa sababu ya kuutumia uwezo ambao inao. Kwamba sheria ile ilikuwa ya muda, yenye masharti ya haki, na deni limebaki kamili. Akaongeza neno la busara, ya kwamba wakopeshaji wengi wa wakati ule walikuwa makampuni ya bima na mabenki na mengine ya namna hiyo, ambayo hayakutaka nyumba wakae ndani, bali yalitaka fedha zao ziwe salama.

Jaji Sutherland aliandika kwa niaba ya wanne walioshindwa, na sipendi kumpita kwa haraka, kwa sababu hoja yake haikuwa ya mtu asiye na huruma. Alikumbusha kwamba kifungu kile cha Katiba kiliandikwa mara baada ya miaka ya dhiki kama ile ile, wakati majimbo yalipokuwa yakiwasaidia wadeni kwa kuvunja mapatano, na kwamba kiliwekwa ili majimbo yasifanye hivyo hasa katika dhiki. Kifungu kinachofanya kazi siku za neema tu, wakati hakuna anayekihitaji, kina faida gani? Na mimi nitaongeza hoja ambayo watu wa biashara waijua: mkopeshaji aliyeona mlango ukifunguliwa tena mara moja atakumbuka, na mkopo wake ujao utakuwa mdogo zaidi, au wa ghali zaidi, au hautakuwako. Anayelipa ghali hiyo ni mkopaji wa kesho, ambaye hana mtu wa kumsemea leo. Pamoja na hayo, nikiipima ile dola 1,900 na zile dola 40 za kila mwezi, mimi naona Hughes na wenzake walitenda haki. Nyumba haikuwa na mnunuzi. Mnada wa namna hiyo si mnada, ni jina tu.

Wenye hekima katika serikali waliona pia kwamba kuahirisha hakutoshi, kwa maana ugonjwa ulikuwa katika mikopo yenyewe. Mingi ilikuwa ya miaka mitatu, minne, mitano. Mkopaji alilipa faida tu, na mwisho wa muda alitakiwa alete mtaji wote kwa mara moja. Katika neema alikopa upya. Katika dhiki hakupata wa kumkopesha, akapoteza nyumba hata kama hakukosa mwezi mmoja kulipa faida. Kwa hiyo katika Juni 1933 iliundwa Shirika la Mikopo ya Wenye Nyumba, ambalo liliwalipa wakopeshaji wa zamani na kumwandikia mkopaji mkopo mpya wa miaka 15, unaolipwa sehemu sawa kila mwezi, faida na mtaji pamoja. Lilichukua mikopo zaidi kidogo ya milioni moja. Na hata kwa huruma hiyo yote, yapata nyumba moja katika kila tano ilishindikana, na shirika la serikali lenyewe likalazimika kufunga mlango.

Sasa turudi Unguja, kama nilivyoahidi, kwani mwaka ni ule ule. Bei ya karafuu ilikuwa imeanguka, na mashamba mengi ya Unguja na Pemba yalikuwa yamefungwa kwa madeni, mengi yake kwa njia ya bei ya khiari. Katika mwaka 1934 serikali ya Protektoreti ilisimamisha kwa muda kufungwa kwa rehani za mashamba, na ikatoa amri ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isiende mikononi mwa watu wa kabila nyingine bila ruhusa. Tofauti na Minnesota yaonekana wazi. Kule sheria ilimtazama mtu kama mdeni tu, awe nani. Huku ilitazama kabila yake. Wakopeshaji, ambao wengi walikuwa Wahindi, waliona kwamba wamehukumiwa kwa asili yao, na serikali ya Uhindi ikamtuma mjumbe wake, K. P. S. Menon, mwaka huo huo aje atazame. Ugomvi ukachanganyika na ule wa biashara ya karafuu, hata Wahindi wakasusia kununua karafuu za Unguja, ambazo Uhindi ilikuwa mmoja wa wanunuzi wake wakubwa. Mapatano yalipatikana mwaka 1938, na mwaka huo ikatungwa sheria ya kupatanisha madeni ya wenye mashamba. Miaka minne ilikuwa imepita. Deni ambalo lingeweza kupimwa katika meza ya hakimu, shamba kwa shamba, kama ile nyumba ya vyumba 14, lilikuwa limegeuzwa shauri la mataifa.

Yamebaki maneno machache juu ya sheria ya nchi zetu. Kwa muda mrefu Kenya ilitumia sheria ya Uhindi ya mwaka 1882 juu ya kuhamisha mali, iliyochukua mafundisho yale ya baraza la insafu la Uingereza. Bara la Tanzania lilipata sheria mpya, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kazi mwaka 2001. Kenya iliiacha ile ya Uhindi mwaka 2012. Sheria hizo mpya zimeongeza jambo ambalo mahakimu wa kale hawakulitazama: mume hawezi kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe, wala mke bila ya mumewe. Mkopeshaji asiyeuliza jambo hilo aweza kukuta hati yake haina nguvu. Nimesikia wakopeshaji wakinung'unika kwamba hilo huchelewesha kazi, na ni kweli huchelewesha.

Katika Kenya mkopaji akikosa kulipa, hupewa kwanza taarifa ya miezi mitatu, ielezayo kiasi anachodaiwa na namna ya kujitoa. Muda huo ukipita hupewa taarifa ya pili, ya siku zisizopungua 40, kwamba nyumba itauzwa. Kabla ya kuuza, mkopeshaji imempasa kuipimisha thamani, asije akaitupa kwa bei ya njaa, na dalali naye hutoa taarifa yake ya siku 45. Mtu asiyezisoma karatasi hizo kwa sababu ya huzuni, akazifungia sandukuni, hupoteza nazo siku zake zote. Kwa maana haki ya kukomboa haifi siku ya kwanza ya kukosa, wala siku ya taarifa. Huishi mpaka asubuhi ya mnada, hata wakati wanunuzi wamekwisha simama uani na dalali anataja bei. Akileta fedha zote wakati huo, ni lazima zipokewe. Nyundo ikiisha gonga, haki hiyo imekwisha, na kinachobaki kwake ni ziada ya fedha, kama ipo.